Wanaume Watatu Mlangoni

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kila ninapowasikia nyinyi vijana mkibishana kuhusu filamu. Juzi mlibishana sebuleni kwangu hadi chai ikapoa. Huyu anasema yule mama wa kwenye tamthilia alikuwa na haki, yule anasema angefungwa tu, na nilipowauliza ni nani aliyewaambia kwamba mama yule alisema maneno hayo, mkanitazama kana kwamba nimeuliza njia ya kwenda Igowole, nilikozaliwa. Leo nakuandikia.

Kwanza ujue unaandikiwa na nani. Mimi niliondoka Igowole na begi moja, nikavuka Tunduma, nikaingia Zambia. Mchana nilifanya kazi, jioni nilisoma, ada nikajilipia mwenyewe mpaka nikapata stashahada ya ufundi wa majokofu. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Niliporudi, bucha zote kuanzia Mafinga mpaka Makambako zilikuwa zinaniita mimi, na nyumba hii mnamobishana nimeijenga kwa mikono hii. Sisemi haya kujisifu tu, ingawa kujisifu nako sikukatai. Nasema ili ujue kwamba mtu mwenye elimu yake, aliyetembea, alikaa kwenye mkeka wa watu kule Chimala na hakuelewa kitu.

Ilikuwa hivi. Mdogo wangu Festo, huyo unayemwita baba mdogo, alitaka kuoa. Binti aliitwa Minza, wa familia ya Kisukuma iliyohamia Usangu na ng'ombe wake miaka mingi nyuma. Baba yake alikuwa amefariki, na mama yake amepooza upande mmoja, analala chumba cha ndani, na Minza ndiye aliyekuwa akimwogesha na kumlisha. Alikuwa amemwambia Festo neno moja tu kabla ya mambo mengine yote: "Atakayenioa ajue kwamba mama yangu yupo." Mwenye kauli ya mwisho pale nyumbani alikuwa shangazi yake, Kabula, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo. Akatuita. Mimi nilikwenda kama mshenga, Festo akaja ili shangazi amtazame.

Tulifika mchana, wali bado uko jikoni. Tukakaribishwa barazani na Masanja, kaka yake Minza. Masanja alikuwa na kibanda stendi cha kurushia watu filamu kwenye flashi, na baada ya salamu na utani wake kwamba watu wa Mufindi, kwa baridi ya kwetu, tunaoga tukiwa na makoti, akagundua kwamba Festo naye ni mtu wa filamu. Tena filamu nzito, siyo zile za ngumi.

Nikafurahi. Nikajisemea, shemeji wamepatana, kazi yangu imekwisha.

Hapa nikuambie kitu ambacho nyinyi mnakiona cha kawaida mpaka hamkioni tena. Filamu zile zinatoka nje, kwa lugha ambazo hatuzijui. Zinawekewa sauti ya mtafsiri. Mtu mmoja anasema maneno ya wote, wanaume kwa wanawake, mpaka kilio cha mtoto anakilia yeye, na pale asipoelewa anatia lake. Na watafsiri ni wengi, kila mmoja na watu wake.

Basi wakaifikia filamu moja ambayo wote wawili walikuwa wameitazama siku zile. Mwanamume ana mama mgonjwa, wanaishi mlimani, theluji imejaa. Mke wake yuko mjini. Siku moja mwanamume anasimama mlangoni na begi, anamtazama mama yake kitandani, wanasemezana kidogo, kisha anaondoka. Mama anakufa peke yake.

"Niliumia," Masanja akasema. "Nilizima, nikakaa nje."

"Hata mimi niliumia," Festo akajibu. "Lakini yule jamaa namuunga mkono. Alifanya kiume."

Masanja akaacha kutafuna karanga. "Unamuunga mkono?"

"Kabisa. Hata mimi ningeondoka."

Mwanangu, wakati huohuo Minza alikuwa amefika na jagi la maji na beseni ili tunawe. Alisikia yote. Akaweka beseni chini, hakutunawisha, akarudi ndani. Kule jikoni nikasikia sufuria inafunikwa kwa nguvu. Festo alikuwa bado anatabasamu, hajui lolote.

Mimi nikaona nimwokoe. Nikakohoa kidogo, nikawaeleza kwamba kule Lusaka tulikuwa tukitazama filamu kwenye jumba lenyewe, na kwamba filamu nzito haina mtu mbaya wala mtu mzuri, ina mazingira tu, na kwamba yeyote kati yetu akiwekwa kwenye mazingira yale anaweza kumwacha mama yake. Niliongea vizuri sana. Nilipomaliza, shangazi Kabula alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Kwa hiyo ndiyo ukoo wenu," akasema.

Festo akashtuka. "Shangazi, hapana! Mama mwenyewe si ndiye alimwambia aende? Alimwambia, mwanangu, mkeo ana uchungu wa kujifungua, mimi nimeshaishi, niache uwahi huko."

"Nani alisema hivyo?" Masanja akaruka. "Mama alimwambia usiniache! Na yule mshenzi akajibu, umeshakula miaka yako, niache na mimi nile yangu!"

"Wapi? Hakuna kitu kama hicho."

"Shemeji, mimi ninaiuza hiyo filamu. Unataka kunifundisha?"

Masanja akachomeka flashi kwenye runinga, akaisogeza filamu mpaka pale mlangoni. Na kweli, sauti ya mtafsiri ikasema maneno yaleyale ya Masanja, kwa ukali kabisa. Festo akashika kichwa. Kisha akatoa simu yake, naye alikuwa nayo filamu ileile, alirushiwa Iringa mjini. Mlango uleule, begi lilelile, theluji ileile. Mtafsiri mwingine, sauti ya upole kama ya mchungaji kwenye msiba: nenda mwanangu, mkeo anakuhitaji.

Wakazirudia. Runinga inasema hivi, simu inasema vile. Tukainama wote, hata shangazi na mwiko wake, tunamtazama mtu mmoja anayemtukana mama yake na kubarikiwa naye kwa wakati mmoja.

"Kaka," Masanja akanigeukia, "wewe umesoma, umekaa nje. Huyu mtu anasema nini hasa?"

Sasa pale ndipo nilipotakiwa kufunga mdomo. Lugha ile sikuwahi kuisikia hata kwenye redio. Lakini nilikuwa nimeshasema nimesoma. Nikasogea karibu, nikasikiliza kwa makini, nikawaambia kwamba kwa jinsi ninavyomsoma usoni, anamwambia mama yake kwamba anakwenda kutafuta dawa na atarudi jioni.

Shangazi Kabula akaninyooshea mwiko.

"Haya," akasema. "Wa runinga mmoja, wa simu wa pili, na huyu wa mshenga. Sasa tuna wanaume watatu mlangoni, na hakuna hata mmoja aliyekuja kuoa hapa. Masanja, zima."

Masanja akazima. Festo naye akazima simu. Shangazi akavuta kigoda, akakaa mbele ya mdogo wangu, magoti karibu yagusane.

"Huyo wa theluji mimi simjui na sitamjua. Wewe ndiye nakuona. Mama yake Minza yuko humo ndani, anatusikia. Mkishaoana, itafika siku mkeo yuko hospitali anajifungua, na mama huyu amezidiwa, na wewe uko peke yako. Utakwenda kwa nani?"

Nikamkanyaga Festo mguu. Maana yangu ilikuwa aseme kwa mama, aseme haraka, aseme kwa sauti. Alichotakiwa kusema kilikuwa wazi kama mchana. Lakini akainamisha kichwa, nami nikaanza kutafuta maneno ya kuombea radhi na kuaga.

"Shangazi," akasema, "sijui."

"Hujui?"

"Sijui. Nikikuambia najua nitakuwa nakudanganya. Ningekimbia huku, ningekimbia kule. Ningemwita jirani. Ningelia. Sijui."

Minza alikuwa amesimama nyuma ya pazia. Niliona vidole vyake vya miguu. Nikajua tumekwisha, nikawaza basi la saa ngapi litatuchukua.

Halafu ikatoka sauti kutoka chumba cha ndani, sauti nzito ya mtu ambaye nusu ya mdomo wake haimsikii.

"Kabula. Huyo mpeni chakula."

Ndivyo ilivyokuwa. Minza akatoka, akainua beseni, akamnawisha Festo wa kwanza, mimi mshenga nikafuata. Mambo ya ng'ombe yalizungumzwa baadaye, na unajua mwenyewe kwamba leo wako Kilolo na shamba lao la viazi. Yule mama alihamia kwao, akaishi kwao mpaka Mungu alipomchukua.

Mimi nilibaki nimechanganyikiwa, na sikufichi, bado. Hata baadaye niliitafuta filamu ile yenye maandishi ya Kiingereza chini, Kiingereza ambacho nakijua vizuri kuliko wengi hapa wilayani. Pale mlangoni maandishi yalisema mama anamwambia mwanawe afunge mlango, baridi inaingia. Basi. Hakuna mke, hakuna miaka, hakuna dawa. Nikawa na mwanamume wa nne mlangoni. Nikajiuliza, na aliyeandika haya naye alimsikia nani? Nikaizima.

Sasa, mwanangu, ninalokuambia ni hili. Tazama filamu, ulie kama inaliza, na ubishane na wenzako, maana kubishana ni raha na mimi mwenyewe napenda. Lakini unapotoa maoni, tenganisha ulichokiona kwa macho na ulichoambiwa na sauti ya mtu mwingine. Usimpime mwenzako kwa jinsi anavyomtetea mtu wa kwenye kioo. Huenda anamtetea mtu ambaye wewe hukuonyeshwa. Ukitaka kumjua, kaa mbele yake umuulize la kwake. Na wewe ukiulizwa usilolijua, hata uwe na vyeti ukuta mzima, sema hulijui. Mimi siku ile nilikuwa na jibu zuri, na jibu langu halikumsaidia mtu.

Nenda salama kwenye masomo yako. Mungu akufungulie palipofungwa, akupe mwenzi mnayeweza kuulizana bila kuogopana, na akuache uishi mpaka wajukuu wakusumbue kama mnavyonisumbua mimi.