Kofia Siku ya Mahari ya Mireille

Aibu hii bado iko mbichi, maana hadi leo nikipita Makomeno, mtaa wanakokaa wakwe, natazama upande mwingine, lakini mambo yote yalianza na kofia tu. Mireille, binti wa marehemu kaka yangu, alikuwa anaposwa, na msemaji wa familia ni mimi. Asubuhi ile nikaamua kutovua kofia mbele ya wakwe kwa sababu utosini nilikuwa na kinundu kama zabibu (mwaka mzima nilisoma habari zake kwenye simu badala ya kukipeleka hospitali).

Kwetu mtu hazungumzii mahari akiwa na kofia. Wote wamevua, mimi nimeng'ang'ania, jasho linashuka hadi kwenye kola, na kadiri ninavyojifuta ndivyo wanavyozidi kunitazama. Mwishowe shangazi wa kijana aliyekuja kuposa akashindwa kuvumilia:

«Papa, ile kofia balikushonea yo pa kichwa?»

Watu wakacheka. Nikaivua. Shangazi akainama kunitazama utosini.

«Yesu! Papa iko anaota pembe!»

Hapo ningesema ni kinundu, yakaisha. Lakini mimi nikishasoma kitu lazima nikiseme chote (huo ndio ugonjwa wangu wa kweli), nikaeleza kwamba huenda ni uvimbe wa tezi za jasho, kwamba ni nadra na kwa kawaida si saratani, ingawa hakuna awezaye kuapa mpaka ukatwe na kuangaliwa kwa darubini, na kwamba aina nyingine hurithiwa katika ukoo.

«Mu famille?» Shangazi alikuwa amekwisha kusimama. «Basi bajukuu yetu batazaliwa na bipembe! Twende, bantu yangu. Kama docteur hayasema, haturudie.»

Wakaondoka na kreti zao za bia. Mireille akanitazama, macho yamejaa machozi.

«Papa, ile yote nani alikuuliza?»

Kesho yake nilikuwa hospitali. Kinundu kikakatwa, kikapelekwa maabara, na siku za kungoja jibu sikukaa kitako: natoka, naingia, nazunguka ua, Mireille akinipikia bila kunisemesha. Jibu likaja: uvimbe wa tezi ya jasho, hauna hatari. Daktari akaongeza kwamba aina ya ukoo kwa kawaida huota vinundu vingi. Changu kilikuwa kimoja, na si cha aina hiyo.

Wakwe wakarudi. Nikakaa kichwa wazi, plasta inaonekana, maelezo nimeyapanga tayari. Shangazi akasoma karatasi ya daktari, akatazama plasta, kisha akanitazama mimi.

«Kofia unaweza kuvaa tu, papa. Kinywa njo utafunika.»

Nikafunika kinywa. Mahari aliyazungumza mdogo wangu, na Mireille aliolewa. Tangu hapo anayenionyesha kipele chake namjibu neno moja, hospitali, na mengine yote nayameza.