Upande wa Chini wa Kiwanja

Kazi yangu ni kutunza kiwanja cha ndege cha nyasi kilicho ndani ya shamba moja kubwa huku Tetu, Nyeri. Nakata nyasi, nafukuza ng'ombe, naziba mashimo ya fuko. Rubani akitaka kujua hali ya kiwanja, ananiuliza mimi.

Asubuhi moja ya Aprili, baada ya mvua ya usiku kucha, rubani kijana aliyezoea kutua kwetu alijiandaa kuondoka na abiria wawili, mume na mke.

"Mama, kiwanja iko aje?"

"Iko sawa, kapteni. Nimeangalia."

Nilikuwa nimeangalia upande wa juu tu, karibu na kibanda changu. Upande wa chini, ambako maji hukusanyika, sikufika. Gambuti zangu, viatu vya mpira vya mvua, zilikuwa zinavuja na baridi ilikuwa kali. Sina sababu nyingine.

Huku kwetu juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo ndege hukimbia mbali kabla ya kupaa. Kwa kawaida magurudumu huinuka karibu na mkaratusi ulio kando ya kiwanja, katikati ya urefu wake. Siku hiyo ndege iliupita ikiwa bado chini, ikirusha maji huku na huku. Pua iliinuka kidogo, ikarudi chini. Kisha ndege ikapasua ua, ikaingia kwenye napia, majani marefu ya ng'ombe, ya jirani, ikasimama kwa pua na kuegemea bawa moja.

Nilikimbia hadi kifua kikauma. Petroli ilinuka kila mahali. Jirani, mama aliyekuwa akikatia ng'ombe wake majani, alifika kabla yangu na akaukata mkanda wa rubani kwa panga. Mguu wa rubani ulikuwa umevunjika. Abiria walikuwa na michubuko tu. Yule mke aliuliza mara nyingi kiatu chake kiko wapi, nami nikakitafuta kwenye matope kana kwamba hiyo ndiyo shida kubwa.

Afisa wa uchunguzi alipokuja kutoka Nairobi, mwenye shamba aliniita kando. "Sema ni mvua," akaniambia. "Mvua hakuna mtu anaishtaki."

Afisa aliniuliza kama nilikagua kiwanja chote.

"Hapana," nikasema. "Nilikagua nusu."

Aliandika. Mwenye shamba aliangalia mlima. Hakunifukuza, ila kwa wiki nzima hakunisalimia.

Jumapili nilienda hospitalini Nyeri kumwambia rubani mwenyewe. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Hata mimi nilifaa kutembea niangalie," akasema. "Miguu nilikuwa nayo." Kisha akaniomba nimpe maji.

Nilitoka pale nikiwa nimeamua. Tangu hapo natembea kiwanja chote, kwenda na kurudi, nikichoma fimbo ardhini kila hatua chache. Fimbo ikizama, nasema hapana.

Mwezi uliopita ilizama. Rubani mwingine, mtu mzima mwenye haraka, alikuwa na abiria watatu waliokuwa wakiwahi harusi Lamu. Nilimwambia angoje.

"Wewe ni nani wa kunikataza?"

"Mimi ndiye ninakata hizi nyasi."

Aliwasha injini. Nilichukua ndoo yangu, nikaenda katikati ya kiwanja, nikaigeuza na kuikalia. Sikuinuka. Alizima, akashuka, akampigia simu mwenye shamba huku akinitazama. Sikusikia alichoambiwa, ila aliirudisha simu mfukoni na kwenda kukaa kwenye kivuli cha bawa.

Saa kumi alasiri, jua likiwa limekausha matope kiasi, tulikitembea kiwanja pamoja, yeye na viatu vyake vizuri. Alipofika chini alikanyaga mara mbili, akatikisa kichwa, akaenda kuteremsha mabegi mawili na abiria mmoja ili ndege iwe nyepesi. Ndege ikapaa kabla ya kufika kwenye mkaratusi.

Abiria aliyeachwa, dada mmoja, alikuwa amenikasirikia sana. Nilimchemshia chai ya maziwa. Alikunywa vikombe viwili, kisha akauliza magari ya Nairobi yanapatikana wapi.