Ukemi wa Kibiti Si Wimbo wa Darasani

Siku moja ninaikumbuka, mwanangu, na nikiikumbuka hasira zinanipanda upya, kwa hiyo nivumilie. Ilikuwa katika semina ya walimu wa nyimbo pale Kibiti, miaka ile ya ruksa, redio kaseti zilipoanza kujaa madukani na watoto wetu wakawa wanajua nyimbo za Kinshasa kuliko za bibi zao. Nakuita mwanangu ingawa sijaota mvi, na mtoto wa pili ningali namnyonyesha. Lakini wewe ndiyo kwanza umetoka chuo, umepangiwa shule za huku kwetu, na kipindi cha muziki umebebeshwa kwa sababu eti una sauti nzuri. Aliyetangulia kukanyaga matope ndiye anayejua yanapozamisha. Kaa nikwambie.

Mwalimu mkuu wangu kule Mbuchi, kwetu delta, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa hesabu, basi. Wazazi walikuwa wameanza kuambiwa wachangie elimu, na yeye akaona haya kuwaambia kwamba kila Alhamisi watoto wao wanapiga makofi. Akaniita ofisini.

"Mwalimu Zuhura, nenda Kibiti kwenye hiyo semina. Ukirudi na cheti, kipindi chako kinabaki. Ukirudi mikono mitupu, nakipeleka kwenye hesabu, na tusilaumiane."

Wewe bado hujui kipindi kile kilikuwa nini. Mpunga ukikomaa kule kwetu, watoto wanahama shule, wanakwenda kukaa kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya miti katikati ya shamba, waamie ndege, yaani wawafukuze wasile mpunga. Mavuno yakiisha, wengine hawarudi tena. Mimi nilikuwa nawarudisha kwa nyimbo. Sijisifu, ndivyo ilivyokuwa: walikuja kuimba, nikawafungia mlango, wakasoma na mengine. Kipindi kikifa, na wale wamekufa kishule. Kwa hiyo nilifunga safari na mwanangu wa kwanza mgongoni, bado ananyonya, nikaazimia kwamba cheti kile nitakirudisha hata kwa meno.

Nilifikia kwa Bi Mwanaidi, shangazi yake mume wangu, mwanamke mfupi, mkavu, mwenye shamba la mpunga bondeni, chini ya ile shule tuliyokuwa tunafanyia semina. Asubuhi ya kwanza nikaingia darasani. Mwezeshaji alitoka Dar es Salaam, kijana nadhifu, shati limepigwa pasi mpaka mikono, na kinanda cha kuvuta kifuani. Alikuwa anatupandisha ngazi ya sauti, do, re, mi, mtoto wangu akaanza kulia. Kijana akafunga kinanda.

"Dada yangu, hii ni semina, si kliniki. Wenye watoto wakae barazani."

Wanaume wakacheka. Nikamwambia, "Na mimi si mgonjwa, mwalimu, nina mtoto tu." Wakacheka tena, safari hii si mimi waliyemcheka. Lakini barazani nilikwenda. Nikakaa chini ya dirisha, ubao siuoni, kilichoandikwa sikioni, nikasoma kwa masikio. Tena nikwambie ukweli, nilijua kuliko waliokuwa ndani, maana wao walikuwa wananakili na mimi nilikuwa nasikiliza. Sikio halilali njaa, wanasema watu wazima. Hasira ile ya baraza sijaisamehe mpaka leo, na wala sina mpango.

Siku moja kabla ya kufunga, mwezeshaji akatupanga wawili wawili. Kila jozi iwafundishe watoto wa shule ile wimbo wa kwao, wa kuitikiana, ndipo apime nani anastahili cheti. Mimi nikapangwa na Mwalimu Ngwele, mtu wa Mloka, kule bara karibu na hifadhi, ambako tembo wanaingia shambani kama wamealikwa. Alikuwa mchangamfu, mdomo hauishi maneno.

"Dada Zuhura, tuwape ule wa shambani. Mmoja anaita, 'Wameingia eee!' Wenzake wanajibu, 'Wapi eee?' Unakwenda, unarudi. Mtoto haukosi."

Nikamuuliza, "Huo si ukemi? Si ndio mwito mnaoitana nao wanyama wakiingia shambani?"

"Ukemi kwetu unaanza na debe. Debe likilia, watu wanatoka na mapanga. Bila debe, ni mchezo wa watoto tu, hakuna anayegeuza hata shingo."

Nami nikaona kweli, maana hata kwetu Mbuchi ni hivyo hivyo. Watoto wanaitana kutwa kutoka dungu hadi dungu, na mtu mzima hainuki mpaka asikie bati. Mloka debe, Mbuchi debe. Tukakubaliana. Watu wawili wenye akili zetu, mwanangu, tumekaa Kibiti siku kadhaa tunakula mpunga wa Kibiti, na hatukumuuliza mtu wa Kibiti hata mmoja.

Watoto walikuwa wengi na darasa lilikuwa dogo, tukawatoa nje, tukawapanga ukingoni mwa uwanja pale ardhi inapoanza kushuka bondeni. Nikawagawa makundi mawili. Kundi la kwanza nikaliambia liite, "Wameingia eee!" Watoto wa Kibiti wakatazamana, kisha wakacheka. Msichana mmoja wa mbele akaniuliza, "Mwalimu, tuite kweli?" Mimi nikadhani anauliza kama wapaze sauti. Nikamjibu, "Kweli kabisa! Mpaka bonde lisikie!" Wakaachia koo.

Bonde likasikia.

Kundi la pili halijajibu, sauti ikatoka chini kwenye mpunga, "Wapi eee?" Mwezeshaji akapiga makofi, uso umemng'aa.

"Mwangwi! Sikilizeni mwangwi, walimu! Hayo ndiyo mazingira asilia ya muziki!"

Ngwele akanigeukia. "Dada, mwangwi gani unaouliza swali?"

Tukawanyamazisha watoto, lakini neno likitoka halirudi. Wakaanza kutokeza mmoja mmoja kutoka bondeni, wanaume kwa mapanga na mikuki, wanawake kwa marungu, wametota jasho, wanahema. "Wako wapi? Nguruwe? Wangapi?" Nyuma yao akaja Bi Mwanaidi, kanga ameifunga kibwebwe, mguu mmoja unavuja damu alipojikwaa kwenye kisiki. Na nyuma ya wote, mwanangu, juu ya bonde lile lililobaki halina mtu, ndege walikuwa wanashuka. Wengi, kama mtu amemwaga kapu la pilipili manga. Wakatua kwenye mpunga uliokomaa, wakala. Mpaka watu wamepata pumzi ya kurudi, walikuwa wameshiba.

Kumbe Kibiti hawana debe. Sauti ndiyo debe lao. Ukiita, umeita.

Mwezeshaji akajitia kupoza. "Jamani, poleni, ilikuwa mazoezi tu. Ni muziki."

Bi Mwanaidi akamtazama kuanzia viatu mpaka kola. Kisha akaniacha hoi kwa kunigeukia mimi, si yeye.

"Mwanangu Zuhura, huyo mtoto mgongoni mwako akilia, unafanya nini?"

"Namtazama ana nini, shangazi."

"Ungekuta watu wamejifunza kilio chake, wanakilia kwa kujifurahisha, kutwa, mpaka siku analia kweli huinuki. Ungewaambia nini?"

Nikamkaza mtoto mgongoni. Ungejibu wewe?

"Sisi hatuna bunduki," akasema, na sasa anawaambia wote. "Hatuna waya. Tunacho hiki tu, kwamba mtu akiita, mwenzake anaamini. Ninyi mmekuja kukichezea, na mnapewa vyeti."

Mzee mmoja mwenye mkuki akataja ada ya bonde, nayo ni fupi: aliyeita bure, kesho yake huamia kutwa shamba lililoliwa zaidi, tangu jua linachomoza mpaka ndege wamelala. Halipi kitu kingine, wala hasemwi tena. Na kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kutoa vyeti.

Hapo ndipo nilipowaka. Nikamwambia Bi Mwanaidi usoni, na Mungu anisamehe, kwamba wimbo haukuwa wangu, kwamba niliuliza nikajibiwa, kwamba nimekaa barazani wiki nzima kama mbuzi wa kukodi kwa ajili ya karatasi ile, na nikiikosa watoto wangu wa Mbuchi wanapotea. Hakunikatiza. Nilipomaliza akasema, "Uliuliza nani? Uliuliza mgeni mwenzako. Wawili wasiojua njia hawafanyi mmoja anayejua. Kuhusu kesho sikulazimishi, u mtu mzima."

Mwezeshaji akatuambia pembeni, polepole, kwamba tukihudhuria sherehe atatupa vyeti, somo lilikwenda vizuri, wito na mwitikio vilionekana. Hivyo ndivyo alivyosema: vilionekana! Asiyekuwepo asubuhi, cheti hana, utaratibu ni utaratibu. Ngwele akaenda kwenye sherehe. Simlaumu sana. Alikuwa na gari la kuwahi kurudi Mloka, na aibu ilikuwa imemkata ulimi, kitu ambacho sikudhani kinawezekana.

Mimi jua lilinikuta kwenye dungu la Bi Mwanaidi, maana shamba lake ndilo lililoliwa zaidi, mtoto nimemlaza kwenye kanga, kombeo mkononi. Niliona mabua yaliyobaki matupu, nikaona ni kiasi gani mwanamke yule hatakula kwa sababu yangu. Kutoka shuleni nilisikia makofi ya sherehe. Ndiyo, niliumia, sikufichi. Nilitukana ndege matusi ambayo kungwi wangu hakunifundisha. Ila nilikaa mpaka ndege wa mwisho. Jioni Bi Mwanaidi aliniletea wali na samaki, akakaa nami tukala sahani moja, wala lile jambo halikutajwa tena. Ada ni ada.

Nikarudi Mbuchi mikono mitupu. Mwalimu mkuu akaniambia kabla ya mkutano wa wazazi, "Ukiulizwa, sema cheti kitafuata." Nikamwambia sisemi. Mwenyekiti wa kamati aliponiuliza kilipo cheti, nikasimama nikawaeleza yote kama nilivyokueleza wewe: ukemi, mwangwi, ndege, dungu. Kwanza walicheka kwenye mwangwi, wengine mpaka wakashika mbavu. Nilipofika kwenye ndege, hakuna aliyecheka. Wale ni watu wa mpunga.

Baba mmoja akasema, "Yote sawa, lakini wimbo haujazi sufuria."

Mama mmoja nyuma akamrukia, "Na kugawanya kwa desimali kunajaza? Yako si imekuwa tupu tangu juzi, na desimali unazijua?"

Wakacheka, yule baba naye akacheka. Kisha mwenyekiti, mvuvi mzee asiyependa maneno mengi, akaniuliza swali moja tu. "Mwalimu, ulijua ukienda shambani unakosa cheti?"

"Nilijua."

Akawageukia wenzake. "Anayelipa mpunga wa watu kwa karatasi yake mwenyewe, mimi namwachia wanangu awafundishe hata kukohoa. Kipindi kibaki." Mikono ikanyanyuka. Mwalimu mkuu alitazama dari, kisha naye, taratibu, akanyanyua wake. Alhamisi ile tuliimba, na tunaimba mpaka leo.

Sasa sikia, maana sitaki uondoke hapa na kisa tu, usije ukakitumia kuchekeshea watu. Utaitwa semina, nenda. Usikubali mtu akuambie elimu si ya mwenye mtoto. Wakikupeleka barazani, sikiliza dirishani, na uwaambie kwamba hujapenda. Do re mi jifunze, ni mali, itakusaidia kushika sauti iliyopotea. Lakini utakapoambiwa ulete wimbo wa nyumbani, usiuokote tu kama embe lililoanguka njiani. Kila wimbo una mwenyewe na una kazi yake. Uko wa kutwangia, uko wa kubembelezea, uko wa kuzikia, uko wa ndani ambao wanaume hawausikii, na uko ambao mtu akiusikia anaacha chakula chake anakimbia kukuokoa. Muulize mwenye wimbo unafanya kazi gani, na muulize hapo hapo utakapouimbisha, kwa sababu mchezo wa kwenu unaweza kuwa roho ya watu wengine. Mtoto akikuuliza, "Mwalimu, tuite kweli?" simama. Huenda yeye ndiye mwenyeji na wewe ndiye unayefundishwa. Na ukiharibu, kwa maana utaharibu, usitafute wa kumgawia kosa kabla hujapanda dungu. Panda kwanza. Kelele utapiga ukishuka, si kabla kama nilivyopiga mimi.

Mwenyezi Mungu akufungulie kifua, mwanangu, akupe sauti isiyokauka na sikio lisilo na kiburi. Akujalie watoto wanaorudi darasani mvua na jua. Na siku utakayoita kwa shida ya kweli, popote atakapokupeleka, awepo mtu upande wa pili wa bonde, akuamini, akuitikie. Amina.