Siku Niliyomfisha Mama Mkwe

Aibu hii nimeificha nimeshindwa, maana mpaka leo nikipita sokoni Kibiti kuna wanaume wananiuliza, "Mama Shani, leo zamu ya nani?" halafu wanacheka, nami napita kama sijasikia. Bora niisimulie mwenyewe, wenzangu wanaongeza chumvi.

Ilikuwa miaka ile daraja la mto linajengwa, kila mwenye suti Dar akajua barabara ikifunguka ardhi yetu itapanda bei, kampuni za viwanja zikatumiminikia kama kumbikumbi baada ya mvua. Mimi nina cheti cha kidato cha nne na mtoto wa kunyonya, mume wangu yuko Kiongoroni anakata mikoko na harudi mpaka akumbuke kwamba ana mke, kwa hiyo kampuni moja iliponichukua niwe napokea wateja na kuwaonyesha viwanja, nilisujudu. Lakini kazi yenyewe ilisimama kwa mguu mmoja: mama mkwe alikubali kunilelea Shani. Hakukubali kwa furaha ("Ardhi inauzwa kama vitumbua, na muuzaji mwenyewe ananyonyesha!"), ila alikubali, na angekataa mimi kazi sina.

Siku hiyo mtoto alikesha na meno yake, mama mkwe katoka hospitali juzi kwa presha (mji mzima unajua), nafika ofisini macho mekundu, Meneja ananipokea kwa kelele. Wateja wanakuja kutoka Dar, mume na mke, wanataka kuona mipaka, na vigingi vimemezwa na nyasi.

"Nenda kanunue kitambaa ufunge kwenye vijiti! Nyinyi watu wa huku mpaka mwambiwe kila kitu?"

Nyinyi watu wa huku! Nikatoka nimefura, machozi ya hasira yananitiririka, nikaapa sisemi na mtu mpaka jioni.

Dukani kwa Mzee Mkumba nikawaza rangi: nyekundu, watu watadhani tumeleta mganga, nyeusi, haitaonekana. Nikanyoosha kidole kwenye bafta nyeupe. (Najua, mmeshaelewa. Mimi kichwani nilikuwa na Meneja peke yake.) Mzee akayatazama machozi yangu, akapima bafta bila hata kuniuliza mita ngapi, akatia na vitu vingine mfukoni, akasema polepole, "Nenda mwanangu, usichelewe." Nikajisemea, leo mzee kaamka vizuri.

Viwanja vyetu vilikuwa njia ya Ruaruke, vimepakana na makaburi ya ukoo wa mume wangu (hilo wateja hatukuwaambia mpaka waulize). Basi mimi nachana bafta nafunga vijiti, Meneja anavuta tepu, vibarua wanachimba mashimo ya vigingi vipya, wateja wameshuka garini wanatabasamu, yule mama na viatu vyake vyeupe. Nikaingiza mkono mfukoni kutafuta kipande cha mwisho, nikashika pamba. Chini ya pamba, ubani. Chini ya ubani, karafuu maiti.

Kabla sijafumbua mdomo, nikaona kundi la wanaume linakuja na majembe, kanzu zimefungwa viunoni, mbele yao shemeji yangu Sefu analia kama mtoto. Kumbe Mzee Mkumba alishapeleka habari msikitini! Wakaja kuchimba kaburi, wakaona vitambaa vyeupe, tepu na mashimo, wakatufuata sisi. Mmoja akampa mkono yule mteja.

"Poleni sana. Mmeshaanza? Mbona mashimo mengi hivi, na maiti ni mmoja?"

Yule mke akamgeukia mumewe. "Baba Irene, hawa wanauza viwanja au makaburi?"

"Ni mila tu za huku, mama," Meneja akasema, jasho linamtoka.

Sefu akanishika mabega. "Shemeji, mama kafa saa ngapi? Mbona hukuniita?"

"Hajafa."

"Hajafa, na sanda unaichana?"

Wateja hao garini. Meneja akawakimbilia na tepu mkononi, inaburuzika nyuma yake kama mkia. Mimi nikakimbilia nyumbani.

Ya nyumbani nilisimuliwa na jirani. Wanawake walikuja na vilio, mama mkwe yuko nyuma ya nyumba, Shani mgongoni, akasikia msiba. Mtu wa watu yule, akajitanda khanga, akajiunga mwisho wa msafara, akalia kwa uchungu kuliko wote, ndipo akauliza, "Jamani, nani katutoka?" Aliyekuwa mbele yake akageuka, akamwona, akaanguka chini pu!

Nilipofika, nusu wanammwagia maji aliyezimia, nusu wameshika mbavu kwa kicheko. Mama mkwe kakaa mkekani, hacheki.

"Mama Shani, nimekufa saa ngapi?"

Nikapiga magoti, nikaeleza, maneno hayapangiki. Akanisikiliza mpaka mwisho, akamfungua mtoto mgongoni, akaniwekea mapajani.

"Mchukue. Marehemu halei."

Kesho yake nilikwenda ofisini na Shani mgongoni. Meneja hata kiti hakunipa. "Hapa si kliniki," akasema, na kazi yangu ikaishia mlangoni.

Mama mkwe akanipa sharti moja la kunisamehe: kote nilikolizika jina lake, niende nikamfufue. Nikatembea nyumba kwa nyumba, jua kali, mtoto analia, nasema, "Nimekuja kuwaambia mama hajafa, nisameheni." Wengine wakamshukuru Mungu. Wengine wakautazama mchele waliokwisha kuupepeta wa msibani kama watu waliodhulumiwa. Mama mmoja aliyenuniana na mama mkwe miaka akashusha pumzi: "Mwenzenu nilishamsamehe. Sasa itabidi nianze upya."

Mama mkwe alimchukua tena Shani, lakini kiti changu ofisini alishakikalia mwingine. Na mimi tangu siku ile nikikasirika sinyamazi ng'o, nabwata njia nzima, dukani namweleza muuzaji hata chumvi ninayonunua ni ya mboga gani. Wananiita mropokaji. Waniite. Hakuna mropokaji aliyemfisha mkwewe.