Niliandika Kwamba Minza Alikataa Miwani

Nilimsingizia mtu aliyeumia, na mtu mwenyewe ni shemeji yangu. Naanza na hilo, nisije nikaanza kujitetea.

Ilikuwa miaka ile soko la pamba lilipofunguliwa na kampuni binafsi zikaingia kwetu Simiyu. Moja ilikodi shamba kubwa upande wa Sola. Kwa kuwa nilimaliza kidato cha nne, nikapewa unyapara wa vibarua. Nilinunua kalamu mbili nikazichomeka mfukoni. Nilijiona!

Vibarua wengi walikuwa wanawake. Minza, dada wa mke wangu, nilimtafutia kazi mimi mwenyewe. Walipuliza dawa ya pamba kwa mabomba ya mgongoni, miguu peku, khanga puani. Ujira ulikuwa mdogo na hakuna aliyeuliza, maana aliyeuliza leo kesho hakuitwa.

Miwani, glavu na buti zilikuwepo. Zilikuwa stoo. Zilitoka siku moja tu, walipokuja wageni kutoka ng'ambo, wanunuzi wa pamba yetu, kuona kama wafanyakazi wanatendewa haki. Asubuhi niliwavalisha watu. Wageni wakapiga picha, wakaridhika, wakaondoka. Saa nane mchana nikawavua. Meneja alinipongeza kwamba haikupotea hata jozi moja.

Wiki iliyofuata mpira wa bomba la Minza ulichomoka, dawa ikamrukia machoni. Shambani hakukuwa na maji. Maji yalikuwa kwenye pipa la ofisini, mwendo wa nusu saa. Akajifuta kwa khanga, nayo ilikuwa imelowa dawa ileile. Jamani!

Hospitali wakasema apelekwe Mwanza. Familia ikaiomba kampuni imtibu. Meneja akaniita, akanisogezea karatasi.

"Andika kilichotokea."

Nikaandika mistari miwili. Akaisoma, akaichana, akanipa karatasi nyingine.

"Andika kwamba alipewa miwani akakataa kuvaa. Msimamizi ni wewe. Kama hakupewa, kosa la nani?"

Niliwaza kazi yangu. Nikaandika. Hati yangu ilikuwa nzuri, tena neno "akakataa" nikalipigia mstari.

Kampuni ikasema haihusiki. Minza hakwenda Mwanza. Jicho moja lilikufa, la pili linaona kivuli.

Nakala ya maelezo yangu ilipelekwa kwa wakwe zangu, jina langu likiwa chini. Mke wangu aliponisikia nimeingia, aliniandalia chakula, akasubiri nimalize.

"Dada alipewa miwani lini?"

"Siku ya wageni."

"Na siku aliyoumia?"

Nikanawa mikono. Akaosha sahani, akasema anakwenda kumuuguza dada yake. Hajarudi mpaka leo.

Kampuni nayo ilifungwa misimu miwili baadaye. Meneja aliondoka bila kuniaga. Ningemlaumu, lakini hata mimi sikuwaaga vibarua.

Nilikaa miaka mingi ndipo nikaenda kwa Minza. Nilimkuta barazani akichambua choroko kwa vidole.

"Mwadila," nikasalimia.

Akaitambua sauti. "Mwadila, shemeji. Vuta kigoda ukae."

Nikamweleza yote, wageni, karatasi, meneja. Vidole vyake havikusimama.

"Hayo nayajua," akasema. "Mimi nina swali moja tu. Ulipoandika nimekataa, ulidhani watu watasema nimekataa kwa sababu gani? Ujinga, au kiburi?"

Nikaokota choroko zilizoanguka chini, nikamrudishia. Akazipokea, akaendelea kuchambua.

Ninyi mnaosimamia vibarua leo, nisikilizeni! Bosi atakupa karatasi, na atakukumbusha kwamba una watoto. Kabla hujaweka sahihi, ichukue uende nayo kwa yule aliyeumia. Kaa mbele yake, umsomee kwa sauti, neno kwa neno, mpaka mwisho. Ukishindwa kuimaliza, ichane. Kazi utapoteza, ndiyo. Mimi niliilinda yangu, ikadumu misimu miwili.