Moshi Katika Kompyuta ya Mzee Philemon

Mageto alikuwa ametengeneza redio na televisheni pale Kapsoit kwa miaka ishirini na sita, na watu walimwamini. Ndiyo maana Mwalimu Dorcus, mjane mstaafu kutoka Soin, alimletea kompyuta ya zamani ya marehemu mumewe, ikiwa imefungwa kwa blanketi. Pasta mmoja Mmarekani alikuwa ameiacha akirudi kwao. Ndani yake, kwa miaka kumi na moja, mzee Philemon aliandika kwa lugha yao ya Kipsigis habari alizopewa na wazee wa ukoo wake, ambao wote sasa wamekufa.

"Ilikuwa inawaka, fundi," Dorcus alisema. "Lakini imekaa tangu tumzike. Iangalie kwanza kabla ya kuiwekea stima."

"Sawa, Mwalimu."

Dorcus alipotoka kwenda sokoni, Mageto akaichomeka. Alikuwa na haraka tu, hana sababu nyingine ya kutoa. Nyuma ya mashine palikuwa na swichi ndogo nyekundu ya kuchagua nguvu ya umeme, nayo ilikuwa kwenye volti 115, kipimo cha Marekani. Philemon alikuwa akitumia transfoma ya kushusha nguvu, ambayo ilishapotea. Stima ya ukutani ni 240. Kitu kikalipuka pa! na moshi ukatoka kwenye matundu.

Dorcus aliporudi, Mageto alikuwa amefungua dirisha.

"Mwalimu, hii ilikuja ikiwa imekufa."

Mama yule aliweka chini mfuko wa mboga. "Basi ni mimi," alisema. "Niliiweka jikoni karibu na moto. Watoto walinikataza."

Hapo ndipo Mageto angesema ukweli. Hakusema. Alimwambia tu aiache, atajaribu.

Kwa wiki tatu aliishughulikia. Alifungua kisanduku cha umeme cha kompyuta ile, akakuta fyuzi imekuwa nyeusi na kapasita mbili kubwa, vikopo vya kuhifadhi chaji, zimepasuka vichwa. Akatafuta nyingine za kipimo hicho hicho, akazifunga, akasogeza swichi hadi 230, alama ya stima ya huku kwetu. Safari hii hakuiamini stima moja kwa moja. Aliipitisha kwanza kwenye balbu: kama bado kuna shoti, balbu ingewaka kwa nguvu na kubaki hivyo. Iliwaka kidogo, ikafifia. Akapima volti, zikawa sawa. Alipoiunganisha yote, diski ikanguruma, na kwenye kioo yakatokea majina ya wazee, safu kwa safu.

Akampigia Dorcus simu. Mama alikuja, akasoma majina mawili kwa sauti, akalia. "Mungu akubariki, fundi. Mikono yako ina baraka."

Mageto angeweza kuipokea ile baraka na mambo yakaisha. Lakini ilimchoma kuliko tusi.

"Mwalimu, ni mimi niliichoma. Ulisema niangalie kwanza, sikuangalia. Jiko lako halikufanya kitu."

Dorcus alipangusa macho.

"Nimeenda kwenye kaburi la Philemon kumwomba msamaha," alisema. "Wiki tatu, fundi. Na watoto wangu hawanisemeshi."

"Nisamehe."

"Jumapili uje nyumbani uwaambie hivyo hivyo. Mimi nimechoka kulaumiwa."

Jumapili alienda Soin amevaa shati lake la kanisani. Aliwaambia wote, mbele ya mama yao, bila kujipunguzia. Winny, kifungua mimba, alikuwa ndiye aliyemlaumu mama zaidi. Aliinuka, akapiga magoti kando ya kiti cha Dorcus, akamshika mikono. Hakuna aliyemwangalia Mageto.

Baadaye Dorcus mwenyewe alimletea chai, yenye maziwa mengi. Mageto alikishika kikombe kwa mikono miwili, akashindwa kuinua macho.

"Kunywa, fundi, itapoa," mama alimwambia. Hakusema amemsamehe, na Mageto hakuthubutu kuuliza. Akanywa.