Mguu wa Cherehani na Mnara wa Shanga

Pale kiwandani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Cherehani, naye akaitika. Hakuwa fundi nguo hata kidogo. Jina lile alipewa kwa sababu ya mguu wake wa kulia, ambao kila alipokaa ulianza chini juu, chini juu, kama wa fundi anayewahi gauni la bibi harusi. Akila, mguu unashona. Akiwa mkutanoni, unashona. Mumewe, aliyekuwa mtunza farasi wa kiwanda hichohicho, alikwisha zoea kuinua kikombe chake cha chai kila mkewe alipovuta kiti, bila hata kukatiza maneno aliyokuwa akisema.

Kiwanda chao kilitengeneza dawa ya sumu ya nyoka, na kazi ilianzia zizini. Farasi kumi na wawili walichomwa sumu kidogo kidogo, kwa kipimo kisichowadhuru, mpaka damu yao ikajifunza kupigana nayo. Kisha walitolewa damu. Chembe nyekundu walirudishiwa wenyewe, na yale maji ya manjano yanayobaki, plazma, ndiyo yaliyoletwa ndani. Humo ndimo zilimo kingamwili, wale askari wanaojua kuikamata sumu. Ila humo pia mna vikorokoro vingi vya farasi ambavyo mgonjwa havimfai kwa lolote.

Miaka kumi na mmoja vikorokoro hivyo vilitengwa kwa chumvi. Plazma iliwekwa kwenye pipa, chumvi ikamiminwa polepole huku mtu akikoroga bila kusimama, hadi kingamwili zikagandana na kuzama kama maziwa yaliyokatika. Mkorogaji alikuwa Cherehani. Kwenye pipa hakuna aliyemcheka. Wenzake wakikoroga nusu saa walishika kiuno. Yeye alikuwa akiuliza pipa la pili liko wapi.

Dawa ile iliponya, lakini haikuwa safi. Shangazi yake aliumwa na nyoka kisiginoni akiokota kuni, akachomwa dawa iliyotoka kwenye pipa lilelile. Sumu ilishindwa, ndiyo, lakini shangazi alitetemeka mchana kutwa, ngozi imemfura, mpaka kitanda kikahama ukutani.

"Dawa yenu hiyo, mwanangu," alisema alipopata sauti, "inamfukuza mwizi halafu inabomoa nyumba."

Watu wakacheka, na Cherehani akacheka nao. Ila neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Ndiyo maana kiwanda kilipoleta njia mpya ya kusafisha plazma, alikwenda mwenyewe kuomba ahamishiwe huko. Mapipa yakaondolewa, na yeye akakabidhiwa mnara.

Mnara ulikuwa bomba nene la kioo, refu kumzidi mtu, limefungwa juu ya jukwaa la chuma. Ndani hujazwa shanga nyeupe, ndogo mno, ukizishika utadhani ni unga uliolowa. Plazma ikipitishwa humo, kingamwili hunasa kwenye shanga na vikorokoro huteremka zao nje. Baadaye hupitishwa maji ya aina nyingine, kingamwili zikaachia, zikatoka peke yake, safi. Kazi yote iko kwenye kuzipanga hizo shanga, na hakuna mkono unaoweza kuzipanga. Unazikoroga na maji, unazimimina mnarani, kisha unaziacha zishuke zenyewe kwa saa tano. Zikishuka kwa utulivu, hulala sawasawa. Zikisumbuliwa huacha nyufa zisizoonekana kwa jicho, na plazma ikija hupenya humohumo ikatoka na kingamwili zake, haikushikwa wala haikusalimiwa.

Kuupima mnara ni rahisi. Unapitisha maji ya chumvi kiasi cha kikombe, na mashine inachora kilima kwenye karatasi kadiri chumvi inavyotoka. Kilima chenye miteremko sawa pande zote, mnara umefaulu. Kikivuta mkia, umefeli.

Cherehani alikuwa amefeli mara mbili.

Siku ya Jumanne mkuu wa zamu alimwita ofisini. Alikuwa mama mtu mzima, miwani yake inaning'inia kifuani kwa kamba, na akikasirika huivaa. Siku hiyo alikuwa ameivaa.

"Kesho ni mara ya tatu," alisema. "Plazma imeshatolewa kwenye barafu. Ikifika saa kumi jioni haijaingia mnarani, inamwagwa. Damu ya farasi kumi na wawili, mwanangu."

"Najua, mama."

"Ukifeli tena, mnara nampa mwingine. Wewe nitakutafutia nafasi kwenye kuosha chupa."

"Mama, mimi nimefuata maelekezo mstari kwa mstari."

"Hilo ndilo linalonitisha," mkuu alisema, akavua miwani.

Nyumbani Cherehani hakukaa. Alifagia palipokwisha fagiliwa. Alipanga sufuria kwa ukubwa, akazipangua, akazipanga tena. Mumewe alimtazama mpaka shingo ikamuuma.

"Mke wangu, wahenga walisema subira..."

"Methali zako kawape farasi."

"Nimeshawapa. Wao hawabishi."

"Basi kalale nao zizini, wewe na wahenga wako."

Jumatano, saa tatu asubuhi, alikuwa amekwisha vaa ovaroli nyeupe, glavu na kofia ya kufunika nywele, na shanga zimo mnarani. Alipanda jukwaani, akakaa kwenye kigoda chake kando ya kioo, kama maelekezo yalivyosema: mpakiaji wa shanga asiondoke chumbani, na aangalie usawa wa shanga mpaka ufike kwenye alama nyekundu. Shanga zilikuwa zimetibuka ndani ya maji kama ukungu. Alizitazama. Zilishuka kwa mwendo wa kucha kuota. Alitazama saa ya ukutani. Nayo ilikuwa na mwendo uleule.

Baada ya nusu saa akaingia mkaguzi wa ubora, mwanamume mwembamba mwenye ubao wa kuandikia. Jina lake la kiwandani lilikuwa Bado, kwa kuwa hilo ndilo jibu alilompa kila mtu. Dawa tayari? Bado. Fomu umesaini? Bado. Hata alipoulizwa kama amekula, tumbo limejaa, alisema bado, kwa kuzoea tu.

Bado aliukaribia mnara, akainua kichwa kutazama pale juu ambapo maji yanakutana na hewa.

"Maji yanacheza," alisema.

"Yanacheza wapi?"

"Hapo juu. Angalia taa inavyokatikakatika ndani yake."

Cherehani akaangalia. Kweli, uso wa maji ulikuwa na viwimbi vidogo vidogo, vyembamba kama mistari ya kiganjani.

"Mota ya chumba cha baridi!" alisema. "Si nilisema? Imo nyuma ya ukuta huu huu. Tangu lini nawaambia inatetemesha jengo?"

Akamwita fundi mitambo kwa simu ya ukutani. Fundi akaja akitafuna, akasikiliza, akaenda kuizima mota kwa dakika moja. Ngurumo ikakatika, chumba kikawa kimya hata wakasikia pumzi zao.

"Vipi?" alipiga kelele fundi kutoka nyuma ya ukuta.

"Yanacheza," alisema Bado.

"Basi ni bomba!" alisema Cherehani. "Bomba la maji linapita chini hapa."

Bomba likafungwa. Maji yanacheza. Cherehani akataja malori ya uani, na uani hapakuwa na lori. Akataja upepo, na fundi, aliyekwisha rudi mlangoni, akacheka mpaka akashika ukuta. Hapo Cherehani akapandwa na hasira, akainuka kwenye kigoda, akashuka jukwaani kumfuata fundi mlangoni amwambie lake.

"Yametulia," alisema Bado.

Cherehani akageuka. "Nini?"

"Maji. Yametulia kama yaliyochorwa."

"Ahaa! Fundi, umegusa nini?"

"Mimi nimeshika andazi tu, dada," alisema fundi.

Cherehani akapanda tena, akakaa, akakodoa macho. Uso wa maji ulikuwa kioo. Kisha, taratibu, viwimbi vikarudi. Bado hakuwa akitazama maji tena. Alikuwa akitazama sakafu ya jukwaa, mahali ambapo kiatu cheupe cha Cherehani kilikuwa kinashona, chini juu, chini juu, na chuma cha jukwaa kikiupeleka mshono moja kwa moja mpaka mnarani.

Cherehani aliutazama mguu wake kama mtu aliyemkamata mwizi akakuta ni ndugu yake.

"Mara zote mbili," alisema mwishowe. "Saa tano mara mbili. Nimezishonea hizo nyufa mwenyewe."

Fundi akataka kucheka, akamwona usoni, akameza.

Hapakuwa na budi kuzikoroga shanga upya na kuanza tena. Zilipomiminwa ilikuwa saa nne kamili. Saa tano za kushuka zingeishia saa tisa, upimaji ungekula nusu saa, na saa kumi ndiyo mwisho wa plazma. Nafasi ilikuwepo, ila ya kupenyeza sindano.

Cherehani alikaa kigodani, akalishika goti kwa mikono miwili. Mguu wa kulia ukanywea. Wa kushoto ukaanza. Akaubana wa kushoto kwa wa kulia, na ikawa zamu ya mabega. Alihisi wadudu wakitambaa ndani ya mifupa. Maelekezo yanasema asiondoke chumbani. Hakuna mahali yaliposema akae. Akashuka. Jukwaa lilishikana na mnara, lakini sakafu ya saruji haikushikana na kitu. Akauzunguka mnara mara moja, taratibu, macho juu. Akamtazama Bado. Bado akatazama maji.

"Hayachezi."

Akazunguka mara ya pili. Ya tatu. Ya ishirini. Kila akipita upande wa alama nyekundu aliinua macho, akaona shanga zimeshuka unywele mmoja, akaendelea. Saa sita wenzake waliokuwa wakienda kula walisongamana kwenye dirisha la korido wakamwangalia. Mumewe alikuwa miongoni mwao, viatu vyake vya zizini mkononi.

"Jamani," alisema kwa sauti ya kupita kioo, "mbona farasi huyu wa kumi na tatu mnamzungushia ndani?"

Cherehani hakugeuka, ila wote waliona kidole alichomnyooshea.

Alizunguka. Nyayo zikawaka moto. Saa nane alikuwa amepoteza hesabu ya mizunguko, na shanga zilikuwa zimepunguza mwendo. Saa tisa kasoro dakika kumi zilikuwa bado upana wa kidole juu ya alama. Saa tisa zilikuwa palepale, au karibu na palepale.

Mkuu wa zamu aliingia amevaa miwani. Akatazama saa, akatazama alama, akatazama saa. Ukutani ilitundikwa nyundo ya mpira ya kugongea mabomba, na macho yake yakatua hapo.

"Igonge kidogo," alisema kwa sauti ya chini. "Mara mbili tu. Zitashuka zenyewe."

"Mama..."

"Saa kumi inamwagwa! Umenielewa? Unangoja nini?"

Cherehani alikuwa anaitaka nyundo ile kwa mwili mzima. Mikono iliwasha ndani ya glavu. Kugonga mara mbili, na kungoja kukaisha. Hakuna kitu duniani alichokuwa akikitaka zaidi ya kungoja kuishe. Akaendelea kutembea.

"Bado," alisema.

Mkaguzi akageuka akidhani anaitwa.

"Si wewe. Shanga. Bado."

Mkuu akakaa kwenye kiti cha pembeni, kidole chake kikaanza kupiga gotini. Cherehani alikiona kidole kile, akazunguka, akakiona tena, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akataka kucheka.

Saa tisa na dakika kumi na mbili shanga zililala kwenye alama. Wakapitisha maji ya chumvi. Mashine ikasogeza kalamu yake, na watu watatu wakainamia karatasi. Kilima kikapanda, kikafika kileleni, kikaanza kuteremka. Hapo ndipo mkia ulipotokea mara mbili za kwanza. Cherehani alikuwa amesimama kwenye mguu mmoja, mwingine ameubana nyuma ya goti, wala hakujua. Kalamu ikateremka, ikateremka, ikafika chini, ikanyooka.

Bado alipima pande zote mbili kwa rula. Akapima tena. Wote wakamngoja aseme neno lake.

"Haya," alisema. "Leteni plazma."

Iliingia saa kumi kasoro dakika nane. Chini ya mnara vikorokoro vya manjano vilitiririka na kwenda zao, na shanga zikashika zilichotakiwa kushika.

Baadaye Bado alimketisha Cherehani mezani, akamwekea fomu ya kueleza kwa nini mnara ulifeli mara mbili za kwanza. Juu ya fomu, kwenye nafasi ya mwenye dhamana ya mnara, jina lake lilikuwa limekwisha andikwa, si Cherehani bali jina lake halisi, ambalo ilimchukua kitambo kulitambua. Kwenye nafasi ya sababu aliandika neno moja: mguu.

Bado alisoma, akarudisha karatasi. "Haitoshi. Mguu gani?"

Cherehani akafikiri. "Wa kulia," aliandika. "Wa kushoto ni msaidizi."

"Na marekebisho?"

Akainama kuandika kwamba kuanzia sasa mpakiaji asikae jukwaani, azunguke chini. Lakini herufi zilikuwa zinapanda na kushuka, mstari umepinda kama njia ya mbuzi, maana alikuwa amekaa tangu dakika tatu zilizopita na kazi ilikuwa imeshaanza huko chini ya meza. Mkaguzi aliweka ubao wake kando, akaishika meza kwa mikono miwili, akaikandamiza mpaka Cherehani akamaliza kuandika.